Nilivyomfuata Masanja Mongolia

Niliondoka Mwanza kwa sababu ya watu wawili walioninyima raha: Baba mdogo, ambaye alisema mno, na mdogo wangu Masanja, ambaye hakusema kitu.

Wazazi wetu walifariki nikiwa darasa la sita. Nikaacha shule, nikabaki na wadogo watatu na shamba la Usagara, karibu na njia panda. Nililima muhogo na viazi, baadaye nikauza mitumba mjini, na wote watatu wakasoma. Masanja, mtoto wa kiume peke yake, alisoma kuliko wote. Serikali ikampeleka Mongolia kusomea udaktari wa mifugo, enzi zile nchi yetu na yao zote zilihubiri ujamaa. Aliaga kwa miaka mitano. Miaka mitano ikaisha, akaomba mmoja zaidi. Baada ya hapo barua zikawa kadi za Krismasi, kisha hata kadi zikakoma.

Halafu biashara ikafunguliwa kila mahali. Malori yakaongezeka njia panda, watu wa mjini wakaanza kuulizia viwanja vya maduka na gesti. Baba mdogo alikuwa anakaa Nyakato, na kiwanda alichokuwa akifanyia kazi kilikuwa kimepunguza watu, yeye akiwemo. Ghafla akakumbuka kwamba ana ukoo Usagara.

"Mbula, hili shamba ni la kaka yangu," aliniambia, amekaa kwenye kiti changu, anakunywa uji wangu. "Wewe ni mtoto wa kike. Kesho utaolewa."

"Shikamoo tena, Baba mdogo. Nina miaka thelathini na tisa."

"Ndiyo hivyo. Shamba linasimamiwa na mwanamume. Mlete Masanja asimame hapa, mimi sina neno. Asipofika kabla ya mvua za vuli, nitalisimamia mwenyewe."

Kulisimamia maana yake ilikuwa kuliuza. Hata kuku wa pale walijua.

Wiki chache baadaye ikaja bahasha kutoka Mongolia. Ndani mlikuwa na tiketi ya ndege, karatasi ya mwaliko yenye mihuri mitatu, na barua ya mistari miwili: "Dada, njoo. Kuna jambo linakusubiri wewe tu. Usiogope." Mtu akikuandikia usiogope bila kukwambia kitu gani, utafanya nini zaidi ya kuogopa? Nikawaza ugonjwa, nikawaza jela. Nikasema vyovyote atakavyokuwa, narudi naye.

Siku ya kuondoka Mwanza nilipanda treni daraja la tatu nikiwa na begi moja na tenga la sato wakavu. Pasipoti peke yake ilikuwa imenimalizia jozi ya kandambili kwa nenda rudi. Mdogo wangu wa mwisho alinisindikiza stesheni akilia, nikamwambia anyamaze, nakwenda kumchukua mtu, siendi kuzikwa. Siku mbili na ushee mpaka Dar es Salaam, nimekaa upande mmoja kwa sababu upande wa pili mama mmoja aliweka ndoo.

Moscow, njiani, nilikaa uwanja wa ndege siku moja na nusu. Sikuruhusiwa kutoka nje, na sikuwa na hamu. Nililala kwenye kiti cha chuma nimekumbatia tenga langu. Sato walinisaidia: kila aliyekuja kukaa karibu alinusa, akainuka. Nikapata benchi zima.

Ulan Bator, mji mkuu wa Wamongolia, tulitua asubuhi, na mtu wa kwanza kumtafuta, yaani Masanja, hakuwepo. Alikuwepo mzee mwenye kofia ya pama na kipande cha boksi kilichoandikwa DADA. Jina lake Bold. Ana mvi, na bado akanipa mkono wa kulia, wa kushoto ameushikilia kwenye kiwiko, akasema, "Shikamoo."

"Hapana baba, mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

"Shikamoo," akarudia kwa furaha. Tulishindana hivyo mlangoni pa uwanja wa ndege mpaka nikachoka, nikaitikia marahaba kama bibi yake. Masanja alikuwa amemfundisha maneno matatu tu ya Kiswahili: shikamoo, twende na bado.

Mji wenyewe umekaa bondeni. Katikati kuna maghorofa ya kijivu yanayofanana kama matofali, na mabomba makubwa ya joto yanapita juu ya barabara, maana majira ya baridi huko yanaua. Pembeni, juu ya vilima, watu wamejaa kwenye mahema meupe ya duara yaliyozungushiwa ua wa mbao. Hema hilo wanaliita ger: fito za mbao zilizofunikwa mablanketi mazito ya sufu, mlango unatazama kusini, na bomba la jiko linatokea juu katikati. Nikiyaangalia kwa mbali, nyumba juu ya nyumba hadi kileleni, nikakumbuka vilima vya mawe vya kwetu Mwanza. Kwa mara ya kwanza nikaona kitu ninachokijua. Halafu Bold akawasha jipu la Kirusi na mji ukaisha.

Nje ya mji hakuna barabara. Sisemi barabara mbovu, hizo nazijua. Namaanisha hakuna. Kuna majani mafupi hadi macho yanapokomea, na juu ya majani kuna njia za magari ishirini zinazokwenda sambamba, kila dereva amejichagulia yake. Hakuna uzio. Hakuna shamba. Miti inaota upande mmoja tu wa mlima, ule wa kaskazini, na upande wa kusini ni majani matupu kama kichwa kilichonyolewa nusu. Anga ni kubwa mno, mtu unajihisi umewekwa mezani bila kufunikwa.

Siku ya kwanza tulisimama mara tisa. Kila Bold alipoona hema alikata kona. Anashuka, anapaza sauti wamshike mbwa, anaingia bila kubisha, na watu wasiomjua wanamkaribisha kama mwana wa nyumba. Tunapewa chai ya maziwa yenye chumvi. Chumvi! Tunapewa jibini gumu kama kokoto. Kisha wanaulizana habari, na nilielewa upesi kwamba wanaulizana mifugo, kwa sababu sisi Wasukuma nasi hatuwezi kusalimiana bila kufika kwa ng'ombe. Lakini kwetu mtu mwenye haraka anaeleweka.

"Twende," nilimwambia Bold.

"Bado," akasema, akaongeza chai.

Kwenye kila mlima tulipita rundo la mawe lililofungwa vitambaa vya bluu, la kuheshimu wenye mlima. Bold alisimamisha gari, akalizunguka mara tatu na kuongeza jiwe. Rundo la nne nilibaki garini nimekunja mikono. Akaja kunifungulia mlango, akasubiri. Nikashuka, nikazunguka. Ningefanya nini? Funguo alikuwa nazo yeye.

Siku ya pili, jua limeanza kushuka, tulifika mkoa wa Arkhangai, kando ya ziwa. Akaja mtu juu ya farasi, amevaa joho refu la bluu na mkanda wa rangi ya machungwa, uso umeungua kwa upepo. Kama si miguu yake mirefu ya baba yetu ningempita.

"Karibu, dada," akasema Masanja, machozi yakimtoka. "Mifugo ya nyumbani imenona?"

Miaka minane sijamwona, ananiuliza mifugo.

"Mifugo gani, Masanja? Ng'ombe wa mwisho tulimuuza ulipokwenda kusoma."

Akacheka, akanikumbatia. Hakuwa mgonjwa, wala hakuwa jela. Alikuwa na mke, Oyuna, aliyesoma naye, na mtoto wa kike wa miaka minne aitwaye Solongo, mwenye nywele hadi kiunoni zilizosokotana kama kamba ya katani, hakuna aliyewahi kuzitia mkasi. Mtoto wa miaka minne! Na mimi shangazi yake sina habari.

"Kwa nini hukuandika?" nikamuuliza.

"Dada, kunywa chai kwanza."

Siku saba zilizofuata nilizihesabu kama mfungwa. Kila asubuhi niliuliza tunaondoka lini, na kila asubuhi alinijibu tutaongea. Hawa watu hawaambizani jambo kubwa kwa haraka, akasema. Linasubiri siku yake. Siku yenyewe ilikuwa imechaguliwa na mtawa wao mzee kwenye kalenda, ila siku ya nini hakusema. Oyuna naye alitabasamu tu. Alijua Kiswahili kidogo, wenzangu, na maneno yote aliyojua yalikuwa ya kukaribisha.

Nilijifunza kuishi ndani ya hema kwa kukosea. Nilikanyaga kizingiti, wakashtuka. Nilipita kati ya nguzo mbili za katikati, wakashtuka tena. Nikatupa ganda la kiazi kwenye moto wa jiko, mama mkwe wa Masanja, Dolgor, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufukuza mbwa mwitu, akaliokoa kwa koleo. Moto haupewi uchafu. Wanaume vitu vyao upande wa magharibi, wanawake mashariki, na mkubwa anakaa nyuma kabisa kuelekea mlango. Huko nyuma ndiko waliniketisha mimi, kila siku, hata nilipokataa. Niliona ni ugeni tu.

Kazi yao niliielewa bila mkalimani. Wana kondoo wenye mikia minene ya mafuta, mbuzi, farasi, na ng'ombe fulani wenye manyoya hadi magotini, wanaguna badala ya kulia. Farasi majike wanakamuliwa kila baada ya saa mbili hivi, na maziwa yanamiminwa kwenye mfuko mkubwa wa ngozi mlangoni. Kila anayepita anayapiga kwa mti, yanachachuka, wanayanywa kwa mabakuli. Zamani wanyama wote walikuwa wa ushirika. Ushirika ulivunjwa, wakagawana, na waliopunguzwa viwandani mjini wakarudi kuchunga. Masanja alikuwa daktari pekee wa mifugo kwa mahema ambayo usingeyamaliza kwa wiki nzima juu ya farasi. Niliwaona farasi wa watu waliokuja kumwita asubuhi, wengine wametoka mbali, na sikupenda nilichokiona. Nilitaka kumkuta hana maana huko.

Na lile ziwa! Maji meupe tulivu, mawe meusi ya volkano pembeni, na samaki wanaruka hadi unasikia. Hakuna mtumbwi. Hakuna wavu. Nilimpa Dolgor sato wangu wakavu kwa mikono miwili, wakawekwa juu ya kabati pamoja na picha za marehemu. Hakuna aliyewagusa.

"Hawali samaki?" nikamuuliza Masanja.

"Wachache sana. Wazee hawali kabisa."

"Umeishi hapa miaka yote hii, mtu wa Mwanza, kando ya ziwa, unakula kondoo?"

"Kondoo anashibisha, dada."

Nilitoka nje nikapiga kelele peke yangu. Mahali pa kupigia kelele ndicho kitu ambacho nchi ile haipungukiwi nacho.

Siku ya nane, asubuhi, watu walianza kufika juu ya farasi, wamevaa majoho ya sikukuu. Hema likajaa. Nikaketishwa nyuma. Wote wakanyamaza. Solongo akaletwa, akasimama mbele yangu na nywele zake zimeachiwa. Masanja akaja na sinia: bakuli la maziwa, mfuko mdogo wa kitambaa, na mkasi uliofungwa utepe wa bluu. Akapiga goti, akaniinulia mkasi.

Kwetu ukoo unapokusanyika kimya, mkasi au wembe ukaletwa, ni mtu amezikwa. Mama alipomfuata baba, shangazi zetu walitupanga kwenye mkeka, nami nikanyolewa wa kwanza kwa kuwa ni mkubwa. Nilipoinuka pale nilikuwa mama wa watu watatu.

"Nani amekufa?" nikapaza sauti. "Masanja, nani amekufa?"

Masanja akataka kucheka, kisha uso ukambadilika. Naye alikuwa kwenye ule mkeka.

"Hajafa mtu, dada. Nisamehe. Nimeishi huku hadi nimesahau." Akanieleza. Huku nywele za kuzaliwa haziguswi mpaka mtoto akue, na siku hiyo kila ndugu anakata kishungi na kumpa zawadi, ndipo mtoto anahesabiwa kuwa mtu kati ya watu. Mtoto wa kike anakatwa akiwa na miaka miwili au minne. "Alipofika miwili wakaniuliza mkubwa wa upande wangu ni nani aanze. Nikasema ni wewe. Wakasema basi tusubiri. Mwaka huu ukipita, tumechelewa."

Walikuwa wamenisubiri miaka miwili, na hakuna hata mmoja aliyeona vyema kuniambia.

Niliuchukua mkasi, lakini sikukata.

"Nijibu kwanza. Unarudi nyumbani au hurudi?"

"Dada, watu wanatazama."

"Watazame. Mvua za vuli zikianza, Baba mdogo anachukua shamba. Amesema lazima asimame mwanamume. Nimekuja kukuchukua wewe, sikuja kunyoa."

Akainamisha kichwa. "Sirudi, dada. Niliacha kuandika kwa sababu kila nikishika kalamu nilitakiwa kuandika neno hilo."

Ningemchapa. Kweli, na utu uzima wake wote. Lakini Dolgor akauliza kwa ukali kuna nini, na Masanja ikabidi atafsiri, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Hema zima likataka kuelewa.

"Anauliza huyo mdogo wa baba anaishi kwenye hilo shamba?" Masanja akanitafsiria.

"Hapana. Anaishi Nyakato."

"Anauliza, amelilima?"

"Hapana, lakini ni ndugu wa baba."

"Huyu naye anauliza, nani amelea watoto?"

"Mimi. Lakini mwambie mimi ni mwanamke."

Akawaambia. Wakasubiri, wakidhani sentensi haijaisha.

"Mwambie naweza kuolewa," nikasema.

Masanja akatafsiri. Dolgor akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akasema jambo, hema likaangua kicheko. "Anasema, basi mume atakuja kukaa kwako, kama mimi nilivyokuja kukaa kwao."

"Mwambie kwetu haiko hivyo! Mwambie Baba mdogo ana haki yake, ukoo una taratibu zake, huwezi tu..."

Nikaisikia sauti yangu mwenyewe. Nimesafiri kutoka Usagara hadi nyuma ya dunia, na hapa nimeketi mahali pa mkubwa, mkasi mkononi, namtetea Baba mdogo mbele ya watu nisiowajua. Kwa bidii. Hata yeye asingejitetea vizuri namna ile. Na hizo hoja nilizijua zote kwa moyo, maana kwa miaka nilikuwa nikijieleza mwenyewe hivyo hivyo, usiku na mchana, kwamba nakaa pale kumshikia mtu nafasi.

Solongo alikuwa amechoka kusimama. Akaniegemea goti.

Nikakata kishungi cha kwanza, nikakitia kwenye mfuko. Sikuwa na zawadi, nikafungua khanga yangu ya kiunoni, nikamfunika. Baada yangu wakakata wote, kwa umri, na wajomba wakamtajia mwana farasi na kondoo. Masanja alilia muda wote. Mimi hasira haikuniruhusu kulia.

Siku ya kuondoka Arkhangai Masanja alinipa barua ya ukoo, imeandikwa vizuri, kwamba anaridhia shamba liwe langu. Tukaagana. Dolgor akarusha maziwa kwa kijiko nyuma ya jipu ili njia iwe nyeupe. Bold akaendesha kilomita kama kumi, akaona hema.

"Bado," nikamwahi. Akacheka, akakata kona hata hivyo.

Usagara nilifika mawingu yamekwisha kujikusanya upande wa ziwa. Baba mdogo alikuwa amekwisha kuita kikao cha ukoo, na mwenyekiti wa kitongoji alikuwepo na daftari lake.

"Yuko wapi Masanja?" akauliza kabla sijatua begi.

"Shikamoo, Baba mdogo. Harudi. Hii barua yake."

Hakuisoma. "Karatasi si mtu. Shamba linataka mtu."

"Mtu yupo. Nimelima hapa tangu darasa la sita. Ila kama unamtaka Masanja, mfuate mwenyewe. Nakuelekeza." Nikaketi, nikaanza. Nikamweleza treni na ndoo ya yule mama, kiti cha chuma cha Moscow, njia ishirini zisizo barabara, chai ya chumvi mara tisa kwa siku. Sikuruka kituo hata kimoja. Wazee wakaanza kucheka, mmoja akamuuliza Baba mdogo anaondoka lini. Nilipofika kwenye lile rundo la nne la mawe alikuwa ameinuka, anatafuta kofia yake.

Nilichojifunza ni kidogo ukilinganisha na mwendo wenyewe. Nchi ya Wamongolia ni pana, watu wake ni wakarimu kupita kiasi na hawajui kuharakisha jambo lolote chini ya jua. Mdogo wangu ni wa huko sasa, na mwanawe ana shangazi. Mimi sikuwa namshikia mtu nafasi. Kujua hilo kumenichukua safari ndefu kuliko ilivyostahili, na bado nikilikumbuka nakasirika.

Wazee walipokubaliana, mwenyekiti aliniwekea daftari mapajani. Kwenye mstari wa mwenye shamba lilikuwa bado jina la marehemu baba. Akalikata kwa rula, akanipa kalamu, akauliza naandika kwa niaba ya nani.

Nikamwambia asubiri kidogo, nikaandika jina langu.